Shemeji analangua tiketi kwa mkopo wa kikundi chetu, na pesa zinapita kwenye simu yangu

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Bombo, Uganda, kwenye barabara ya Gulu. Nina duka dogo la rejareja, na ni mweka hazina wa kikundi cha akiba cha wanawake wa mtaa wetu. Tuko mchanganyiko: Wanubi, wake wa askari waliotoka Arua, Gulu, hata Kasese, ndiyo maana vikao vyetu tunaviendesha kwa Kiswahili. Tunakutana kila Jumamosi jioni. Sanduku letu lina kufuli tatu, funguo ziko kwa wanawake watatu tofauti, na hakuna shilingi inayotoka humo bila watu wote kuiona ikihesabiwa juu ya mkeka. Nakueleza haya ili ujue kwamba kikundi chetu hakina mchezo.

Mdogo wake mume wangu alikuja nyumbani na wazo. Kuna msanii wa Bongo Fleva anakuja kutumbuiza Lugogo, Kampala, kwenye uwanja wa kriketi. Tiketi za mapema zilikuwa shilingi 50,000. Shemeji akasema tukizinunua nyingi wakati bado ni rahisi, siku zikikaribia watu watalipa mara mbili au tatu, maana huyo msanii vijana wanamfia. Yeye hakuwa na mtaji. Kikundi nacho hakimkopeshi asiye mwanachama. Mimi nilikuwa na akiba ya 700,000, na kanuni yetu ni kwamba unaweza kukopa hadi mara tatu ya akiba yako, kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi. Basi nikaomba 2,000,000 za miezi miwili kwa jina langu. Kikaoni sikuficha kitu. Nilisema ni biashara ya tiketi ya shemeji yangu, wakakubali, katibu akaandika. Pesa yote ilikwenda kwenye tiketi.

Kwa vile laini ya shemeji haikusajiliwa kwa jina lake, tulikubaliana wateja walipe kwenye namba yangu. Akishauza, mteja anatuma pesa kwangu, mimi namjulisha shemeji kuwa imeingia, naye anamtumia mteja picha ya tiketi kwa WhatsApp. Jioni anapita dukani, anachukua simu, tunakwenda kwa wakala anatoa. Alianza kwa 80,000, sasa hivi anauza 150,000. Mpaka leo nimepokea malipo ya watu 26, na anasema bado amebaki na tiketi 20 ambazo ndizo za faida kubwa, atazimalizia getini siku yenyewe. Mimi mwenyewe alinipa moja ya asante.

Shida imeanzia hapa. Mmoja wa wale waliolipa 150,000 ni binti wa mwenyekiti wetu, anayesoma Kampala. Hakujua namba ile ni yangu mpaka jina langu lilipotokea kwenye ujumbe wa malipo. Jumamosi iliyopita mwenyekiti alisimama mbele ya kikao akasema, "Mmechukua pesa yangu sandukuni, mkanunulia tiketi, halafu mkamlangua mwanangu kwa pesa ile ile." Kikao kiligawanyika. Wengine walisema mkopo ni mkopo, anayeukopa ana uhuru na biashara yake. Wengine wakasema faida ya namna hiyo ni haramu, isiingie kwenye sanduku tutakapogawana Desemba. Mama mmoja alisema kabisa ni wizi.

Nilipomweleza shemeji, alicheka. Anasema Ulaya na Marekani watu wanatajirika kwa kazi hii hii, na kwamba hakumlazimisha mtu. Nikimuuliza kuhusu deni anasema nisubiri tamasha lipite, ni wiki mbili tu zimebaki, na muda wa mkopo unakwisha wiki moja baada ya hapo. Mume wangu naye anasema nisiingilie mambo ya ndugu yake, nitaleta ugomvi kwa wazazi wao.

Shangazi, je, huu ni wizi au ni biashara? Nimrudishie mwenyekiti ile ziada? Na nimwambie nini mume wangu?

Mweka Hazina, Bombo

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza kwa ajili ya maswali yako matatu. Mara ya pili niliisoma na kalamu mkononi, kwa sababu ndani yake kuna hesabu ambayo wewe, mtu wa hesabu za kikundi, umeipita bila kusimama.

Shilingi 2,000,000 kwa tiketi za 50,000 ni tiketi 40. Umepokea malipo ya watu 26. Shemeji anasema amebaki na 20. Wewe umepewa moja. Jumla ni 47. Hizo saba zimetoka wapi?

Sisemi ni mwizi. Pengine alichukua faida ya mauzo ya kwanza akaongeza tiketi nyingine kabla bei ya mapema haijafungwa. Pengine kuna mteja aliyelipa kwa awamu mbili nawe ukamhesabu kama watu wawili. Pengine anajigamba tu kuhusu zile 20, vijana wa biashara hupenda kuonekana wana mzigo. Lakini pia inawezekana kwamba picha moja imetumwa kwa watu wawili, na hilo ndilo linalonifanya nikujibu upesi kabla ya hayo mengine.

Tiketi za siku hizi hazina siri nyingi. Zina ule mraba wa madoa meusi, msimbo wa QR, na chini yake namba. Pale getini kijana ana simu au kimashine, anaumulika. Wa kwanza kufika na msimbo ule anapita. Wa pili akija na picha ile ile, hata kama yeye ndiye aliyelipa pesa nyingi zaidi, mashine inasema tiketi imeshatumika, na hapo hakuna maelezo yatakayomsaidia. Ndiyo maana tiketi ya picha iliyonunuliwa kwa mtu baki ni jambo la imani tupu: mnunuzi hana njia ya kujua picha hiyo imekaa kwenye simu ngapi. Walaghai wanalijua hilo. Hata mlanguzi mwaminifu naye anaweza kuharibikiwa, kwa mfano mteja wake akiirusha picha kwenye kundi la marafiki kujionyesha, na mmoja akawahi getini.

Sasa fikiria usiku huo pale Lugogo, binti mmoja amekataliwa mlangoni, amevaa akapendeza, nauli ya kurudi ndiyo hiyo hiyo iliyobaki. Anafungua simu yake kutafuta aliyemlipa. Jina la nani litatokea? Shemeji yako hayumo popote. Laini ni yako, imesajiliwa kwa kitambulisho chako cha taifa, na mkopo uko kwa jina lako. Katika biashara hii yote wewe ndiye mwenye jina, yeye ana faida tu.

Kwa hiyo leo, kabla hujalala, acha kupokea pesa za tiketi kwenye namba yako. Akitaka kuendelea kuuza, akasajili laini yake, hakuna mtu mzima wa Uganda anayeshindwa hilo kama ana kitambulisho. Kama hana kitambulisho, au anacho na hataki kukitumia, basi hapo umeshapata jibu la maswali mengine.

Swali lako la kwanza: wizi au biashara? Bei peke yake si wizi. Serikali ya Uganda haipangi bei ya kiingilio cha muziki, na mtu aliyeuza kwa 150,000 kitu alichokinunua 50,000 hajavunja sheria kwa kufanya hivyo tu, ingawa mwandaaji anaweza kuwa ameandika kwenye masharti ya tiketi kwamba hairuhusiwi kuuzwa tena, na akiitambua anaweza kuifuta. Soma yale maandishi madogo, watu huyaruka. Lakini kuuza tiketi moja kwa watu wawili, au kuuza ambayo huna, ni kujipatia fedha kwa udanganyifu. Kanuni ya Adhabu inalihesabu kuwa kosa kubwa, kifungo chake kinaweza kufika miaka 5, na kwa vile picha na malipo vyote vimepita kwenye simu, ipo pia Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 ya kushughulika na udanganyifu wa kielektroniki. Kabla ya kusoma jibu hili ungeweza kusema hukujua. Baada ya kuzijua zile tiketi saba, ukiendelea kupokea, neno hilo litakuwa gumu kusimama nalo.

Aliyedhulumiwa naye hahitaji pesa za wakili. Mahakama zetu zina utaratibu wa madai madogo, tangu mwaka 2011, kwa madai yasiyozidi shilingi 10,000,000. Mtu anaandika barua ya kudai, asipojibiwa anakwenda mahakamani mwenyewe na ushahidi wake. Ushahidi wenyewe ni ujumbe wa malipo wenye jina lako.

Kuhusu ubaya wa bei, nitakwambia ninavyoona mimi, na najua wasomaji wengine watanipinga. Sisi tuliokua hapa tuna chuki ya zamani na ulanguzi, na tuna sababu. Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972 na viwanda vya sukari vya Kakira na Lugazi vikadorora, sukari, chumvi na sabuni vikaingia kwenye magendo, na aliyekuwa na kibali au ndugu jeshini akawa tajiri huku mama wa watoto akipanga foleni bure. Mtu akisikia neno kulangua anaiona foleni ile. Mimi simweki shemeji yako kwenye kundi hilo. Anayekosa tiketi ya Bongo Fleva atalala nyumbani, kesho ataamka na kunywa chai. Tena tiketi 40 kwenye uwanja unaobeba maelfu ya watu haziwezi kuleta upungufu wowote. Binti wa mwenyekiti hakuikosa tiketi kwa sababu ya shemeji yako. Pengine aliambiwa zimekwisha, akaamini.

Hilo ndilo linaloniudhi kuliko bei. Je, zilikuwa zimekwisha kweli? Tiketi za mapema huisha, sawa, lakini baada yake huja za kawaida, na mara nyingi getini pia kunauzwa. Mtu aliyelipa 150,000 bila kuuliza kwa waandaaji wenyewe tiketi ya kawaida ni kiasi gani leo, amelipia woga. Mjulishe mwenyekiti aulize. Kama tiketi ya kawaida bado inauzwa kwa 80,000 au 100,000 na shemeji yako alimwambia binti hakuna tena popote, basi alimdanganya, na ziada hiyo irudishwe, na mwenye kuirudisha ni yeye. Kama alisema tu, "Mimi ninayo, bei yangu ni hii," binti akakubali, hana deni naye kisheria.

Wewe na mwenyekiti lakini mna jambo jingine, la kikundi. Maneno aliyosema kikaoni yana uzito: pesa ya akiba yake ilitumika kumkamua mwanawe. Usiyajibu kwa hoja ya "mkopo ni mkopo". Nenda nyumbani kwake, kabla ya Jumamosi, si ndani ya kikao ambako kila mtu anatazama nani atashinda. Mwambie utahakikisha tiketi ya binti ni halali, namba yake haijauzwa kwa mwingine, na ikiwa si halali pesa yote inarudi kabla ya siku ya tamasha. Kwa mama yeyote hilo ni kubwa kuliko kurudishiwa 70,000 au 100,000. Na kwa upande wa faida kuwa haramu, kikundi hakipati faida ya tiketi, kinapata riba yake ile ile ya asilimia 5 ambayo kingeipata kama ungeleta katoni za sabuni dukani. Kwa wanachama Waislamu wanaoona shida, shida yao itaanzia kwenye riba yenyewe kabla ya kufika kwenye tiketi, na hilo ni la kuzungumza na shehe wa hapo Bombo, mimi silo langu. Mkitaka kuweka kanuni ya aina gani za biashara kikundi hakitakopeshea, iwekeni kwa mikopo ijayo.

Turudi kwenye pesa, maana hapo pia kuna jambo hukuniambia, au hukuliona. Watu 26 wamelipa. Hata kama wote walilipa ile bei ya chini kabisa, 80,000, hiyo ni 2,080,000. Na wewe unajua si wote, wengine wamelipa 150,000. Mtaji wa kikundi ulishapita wote kwenye simu yako, umetoka kwa wakala, umekatwa ada na ile kodi ya nusu asilimia ya kutoa, ukaingia mfukoni mwa shemeji. Deni lako lote pamoja na riba ya miezi miwili ni 2,200,000. Kwa hiyo anapokwambia usubiri tamasha lipite ndipo alipe, muulize kwa upole: hizi zilizokwisha kuingia ziko wapi? Mtu mwenye pesa mkononi anayekwambia usubiri pesa nyingine, ama ameshaitumia, ama ameiweka kwenye bahati nasibu nyingine.

Na zile 20 alizozihifadhi kwa "faida kubwa" ya getini, mimi nisingezitegemea hata kidogo. Shemeji anataja Ulaya na Marekani bila kuangalia tofauti iliyopo. Kule bei hupanda kwa sababu viti vimehesabiwa. Ukumbi wa watu 20,000 hauwezi kuingiza wa 20,001, na mashabiki ni mamilioni. Novemba 2022 kampuni ya Ticketmaster ililazimika kufuta mauzo ya wazi ya tiketi za ziara ya Taylor Swift kwa sababu waliotaka walikuwa wengi mno kuliko tiketi zilizobaki. Hapo mlanguzi anacheka. Lugogo ni nyasi. Kololo ni uwanja wa gwaride. Nafasi inanyooka, promota anaweza kuongeza tiketi wiki ya mwisho, anaweza kufungua dirisha la kuuzia pale pale getini, na akiona uwanja haujajaa saa tatu usiku anaweza kushusha bei ili picha zitoke vizuri. Shemeji yako atakuwa amesimama hatua chache kutoka hapo na tiketi za 150,000. Upungufu wa kweli kwa Kampala unapatikana kwenye meza za watu wakubwa na kumbi za ndani kama Victoria Hall pale hoteli ya Serena, ambako viti vina mwisho. Hajanunua huko.

Bado sijataja mvua, wala msanii kukosa ndege, wala tamasha kuahirishwa. Wako watu waliokuwa na tiketi mkononi Machi 2020 mikusanyiko ilipofungwa kwa sababu ya korona. Muziki wa usiku haukufunguliwa tena mpaka Januari 2022. Janga kama lile si la kila mwaka, lakini tamasha kusogezwa mwezi mmoja ni jambo la kawaida kwetu, na mkopo wako hausogezwi. Kwa hiyo ushauri wangu wa kibiashara, kama tiketi hizo zipo kweli: azitoe zote wiki hii, kwa 60,000 au 70,000, hata kwa bei aliyonunulia, kwa watu anaowafahamu, na ampe kila mmoja namba ya tiketi yake kwa maandishi.

Na kuhusu huko Ulaya anakokutaja, mpe habari kamili. Ayalandi imepitisha sheria mwaka 2021 ya kuzuia tiketi za matamasha na michezo katika kumbi kubwa kuuzwa tena zaidi ya bei yake ya asili. Ufaransa tangu 2012 ni kosa la jinai kuzifanya biashara ya kila siku bila idhini ya mwandaaji. Uingereza tangu 1994 kulangua tiketi za mpira wa miguu ni kosa. Marekani nako, mwaka 2016 walipiga marufuku zile programu za kompyuta zinazonunua tiketi kwa maelfu ndani ya dakika. Wanatajirika, ndiyo, na wanafukuzwa vile vile.

Sasa mumeo. Umeandika kwamba anasema usiingilie mambo ya ndugu yake. Mwanangu, haya si mambo ya ndugu yake. Mdaiwa ni wewe, laini ni yako, na akiba ya 700,000 itakayozuiwa Desemba ni ya watoto wake yeye mwenyewe. Usimwendee na malalamiko juu ya ndugu yake, atalazimika kumtetea. Mwendee na karatasi. Andika upande mmoja tiketi 40, upande mwingine 26, 20 na 1. Chini andika 2,080,000 na 2,200,000. Halafu nyamaza umwache asome. Mwanaume anayekataa kuingilia ugomvi wa shemeji na mkewe mara nyingi hakatai kuangalia hesabu.

Kisha mkae watatu, nyumbani kwenu, mumeo awepo tangu mwanzo. Omba kwa kampuni ya simu taarifa ya miamala ya laini yako ya miezi hii miwili, usitegemee kumbukumbu. Mwambie shemeji hivi, au kwa maneno yako: "Shemeji, sina ugomvi na biashara yako. Leta tiketi zote, zilizouzwa na zilizobaki, tuandike namba ya kila moja mbele ya jina la aliyelipa." Kazi hiyo haitazidi saa moja. Kama zile saba zina maelezo, yatatokea mezani na wewe utamwomba radhi kwa kumshuku, haikupunguzii kitu. Kama kuna namba iliyotokea mara mbili, wa pili kulipa apigiwe simu siku hiyo hiyo na arudishiwe pesa yake yote, pamoja na ada ya kutuma. Usikubali lugha ya "tutaona getini".

Kilichobaki baada ya marejesho kiende kwenye sanduku Jumamosi inayofuata, mbele ya watu wote, hata kama ni nusu ya deni. Riba ya mwezi wa pili itakuwa ndogo na kikao kitakuwa kimeona nia.

Akikataa kuleta tiketi, au akija na maneno matupu, usimfukuze wala usipige kelele mtaani. Tuma ujumbe kwa wale wote 26, namba zao unazo, uwaambie wathibitishe tiketi zao kwa waandaaji kabla ya siku, na kwamba wewe hupokei tena malipo. Ujumbe huo utakulinda kuliko machozi. Halafu peleka jambo kwa wazazi wao kabla yeye hajafika na hadithi yake, ukiwa na mumeo pembeni na ile karatasi mkononi. Deni la kikundi litabaki lako kwa wakati huo, utalilipa kwa duka kidogo kidogo, na wewe utamdai yeye kwa maandishi yenye saini na shahidi, mwenyekiti wa LC, yaani baraza la kijiji, anatosha. Zaidi ya hapo, laini na jina lako asipewe tena mtu yeyote, hata mumeo.

Shangazi